Namba Kumi na Mbili: Udadisi wa Risasi na Wajibu wa Shule

Katika vijiji vya Usukuma, vitu vichache vinavyookotwa njiani huamsha udadisi kama ganda tupu la risasi ya bunduki ya marisawa. Samuye, katika Wilaya ya Shinyanga Vijijini, ni mahali pa pamba, mtama na mpunga, pa mifugo na pa ngitili zinazotunzwa kwa ajili ya malisho. Penye nafaka hapakosi ndege. Na penye kanga, kware na njiwa hapakosi mtu wa kuwawinda. Mwindaji akishapita, ganda hubaki majanini. Mtoto huliokota, hulinusa, hulipuliza hata likatoa mlio kama wa filimbi, kisha huuliza: ndani yake mlikuwa na nini?

Watu wazima nao wana maswali yao. Wapenzi wa kulenga shabaha wakikutana hawachoki kubishana. Mmoja huuliza kwa nini bunduki huitwa namba kumi na mbili, ilhali hakuna kipimo chochote cha mtutu wake ambacho ni kumi na mbili. Mwingine hutaka kujua kwa nini bunduki humpiga mpigaji teke begani, na mwingine kwa nini kanga aliye mbali huruka salama ingawa ameonekana kupigwa. Haya ni maswali ya sayansi kamili, nayo yanastahili majibu ya sayansi.

Hata hivyo, shule nyingi huyakwepa. Mwalimu huona kwamba kuzungumza juu ya risasi darasani ni kufundisha uhalifu, na mzazi huona kwamba mtoto asiyeambiwa kitu hatakigusa. Maoni hayo, ingawa yanatokana na nia njema, hayana msingi. Udadisi usiojibiwa kwa kalamu na mizani hujijibu wenyewe kwa msumari na moto, na gharama ya majibu ya namna hiyo ni kubwa mno.

Funzo la Kihinga

Mnamo Novemba 2017 bomu la mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Lilikuwa limeokotwa na mwanafunzi aliyelidhania kuwa chuma chakavu cha kuuza. Wanafunzi kadhaa walipoteza maisha na makumi wengine wakajeruhiwa. Ni kweli kwamba bomu la mkono ni kitu tofauti kabisa na risasi ya kuwindia kanga. Lakini lililosababisha msiba si ukorofi wa mtoto. Lilikuwa ni kutojua. Alikuwa na kitu cha chuma mkononi, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kukitambua.

Biashara ya chuma chakavu imeenea katika Kanda ya Ziwa yote, na katika ukanda wa machimbo ya dhahabu kuanzia Shinyanga hadi Geita vipande vya kila aina hupita mikononi mwa vijana: betri mbovu, vyuma vya mashine, mabaki ya vifaa vya kulipulia miamba. Kijana asiyejua tofauti ya ganda tupu na risasi nzima, au ya fataki iliyokwisha kupigwa na ile iliyo hai, yumo katika hatari ambayo kimya cha mwalimu hakiwezi kumkinga.

Kilichomo ndani ya ganda

Risasi ya marisawa ina sehemu tano. Kuna ganda lenyewe, ambalo zamani lilikuwa la karatasi ngumu na tangu miaka ya 1960 limekuwa zaidi la plastiki, likiwa na kitako cha madini. Katikati ya kitako hicho kuna fataki, yaani kikombe kidogo chenye kemikali inayowaka inapogongwa. Juu ya fataki kuna baruti. Juu ya baruti kuna kizibo. Na juu ya kizibo kuna marisawa, zile chembe za mviringo zinazotoka kama mvua. Fataki ikigongwa huiwasha baruti, baruti hugeuka gesi ya moto mkali, na gesi hiyo hukisukuma kizibo pamoja na marisawa kupitia mtutu. Mpigaji husikia mlio mmoja tu, kwa sababu yote hayo hutukia katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Sasa lile swali la namba kumi na mbili. Jibu lake limo katika desturi ya kale ya Kiingereza ya kupima kwa ratili. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453.6, uigawe katika tufe kumi na mbili zilizo sawa. Kila tufe itakuwa na gramu 37.8, na mtutu unaoipokea tufe hiyo bila kubaki nafasi ndio mtutu wa namba kumi na mbili. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukokotoa mwenyewe: ujazo wa tufe ni sentimita za ujazo 3.3 hivi, na kipenyo chake ni milimita 18.5. Hicho ndicho kipenyo cha mtutu. Kwa hesabu hiyo hiyo atagundua kwa nini bunduki ya namba ishirini ni nyembamba kuliko ya namba kumi na mbili, jambo linalowashangaza wengi: ratili ile ile ikigawanywa mara nyingi zaidi, kila tufe huwa ndogo zaidi.

Teke la begani ni kanuni ya tatu ya Newton. Chukua mzigo wa marisawa wenye gramu 32 unaotoka kwa kasi ya meta 400 kwa sekunde. Zao la tungamo na kasi yake ni 12.8. Bunduki yenye kilo 3.2 itarudi nyuma kwa zao lilo hilo, maana yake kwa kasi ya meta 4 hivi kwa sekunde, bila kuhesabu gesi ya baruti ambayo huongeza teke. Ukikokotoa nishati, utaona marisawa yamechukua jouli 2,560 na bunduki jouli 26 tu. Misukumo ni sawa, lakini nishati hazilingani. Kitu chepesi ndicho kilichochukua karibu yote. Ni walimu wangapi wanaoitafuta mifano ya kueleza jambo hilo, na mfano unazungumzwa barazani kila jioni!

Na kanga aliyeruka salama? Hapa jibu ni la hesabu za maumbo. Chembe ya marisawa yenye kipenyo cha milimita 2.8 ina uzito wa gramu 0.13, na mzigo wa gramu 32 una chembe 245 hivi. Chembe hiyo ikipunguzwa kipenyo kwa nusu, uzito wake hubaki sehemu moja ya nane, lakini uso wake unaopambana na hewa hubaki sehemu moja ya nne. Kwa hiyo hewa huipunguzia kasi mara mbili zaidi. Ndiyo maana marisawa madogo huchoka upesi, na ndiyo maana pumba huelea hewani wakati punje ya mtama inaanguka. Mwanamke anayepepeta nafaka uani kwake anaitumia kanuni ile ile.

Hata umbo la chembe hizo lina somo lake. Mnamo 1782 William Watts, fundi wa mji wa Bristol nchini Uingereza, alipewa hataza ya kutengeneza marisawa kwa kumwaga madini ya risasi yaliyoyeyushwa kupitia chujio kutoka mahali pa juu hadi kwenye maji. Kila tone lilipokuwa likianguka lilijikunja likawa tufe, kwa sababu ya mvutano wa uso wa kimiminika, na likaganda kabla halijaharibika. Tone la mvua hufuata sheria hiyo hiyo.

Hatari isiyokwisha mlio unapokwisha

Kufikia hapo msomaji anaweza kudhani kwamba hatari ya risasi huisha baruti inapokwisha kuwaka. Sivyo. Kiswahili chenyewe kimeificha hatari ya pili ndani ya neno. Jina risasi limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni yale madini mazito ya kijivu. Mzungumzaji wa leo akisikia neno hilo hufikiri juu ya kitu kinachoua kwa kutoboa. Anasahau kwamba madini hayo huua pia polepole, bila bunduki.

Madini ya risasi ni sumu. Yakiingia mwilini huchukua nafasi ya kalisi, hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, huzuia utengenezaji wa damu, na huharibu figo. Kwa watoto hudhuru ubongo unaokua, wakapungukiwa na uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Mwindaji mmoja anapofyatua bunduki, zaidi ya chembe mia mbili husambaa, na kwa kawaida ni chache tu zinazompata ndege. Zilizobaki huanguka shambani na jarubani. Ndege hana meno. Humeza vijiwe ili firigisi isage chakula. Bata maji, kanga na kware hawajui kutofautisha kijiwe na chembe ya risasi, wala kuku wa kienyeji hajui. Chembe ikishamezwa husagwa na kuyeyushwa na tindikali ya tumbo, na ndege hudhoofika hata kufa. Aliyepigwa akapelekwa jikoni naye huja na vumbi la risasi ndani ya nyama, mbali na zile chembe zinazoonekana na kutolewa. Akiungwa kwa ndimu au ukwaju, tindikali hiyo huyeyusha sehemu ya madini hayo ndani ya mchuzi.

Ganda tupu nalo si salama kama linavyodhaniwa. Fataki nyingi zina kampaundi za risasi, na masalio yake hubaki ndani. Mtoto anayelifanya filimbi hulamba masalio hayo.

Lililo baya kuliko yote ni kuyeyusha. Madini haya huyeyuka katika nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila taabu. Mtu anayevunja betri ya gari ili apate risasi za gobore, au vizito vya nyavu za kuvulia, huyeyusha sumu mahali ambapo watoto wanalala na chakula kinapikwa. Moshi na vumbi lake hukaa ukutani, sakafuni na katika sufuria. Mwaka 2010, katika Jimbo la Zamfara kaskazini magharibi mwa Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi nyingi yalikuwa yakisagwa majumbani. Katika machimbo ya Geita sumu inayojulikana zaidi ni zebaki, na miamba si ile ya Zamfara. Lakini funzo la kutofanya kazi ya madini ndani ya nyumba ni lile lile.

Swali lililoishinda bunduki

Mkoa wa Shinyanga una historia inayofaa kukumbukwa hapa. Wakati wa ukoloni, makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika yalikuwa Shinyanga ya zamani. Kuanzia 1945 watafiti walifanya jaribio la kuwaua wanyama pori kwa bunduki katika eneo kubwa, wakitumaini kwamba mbung'o wakikosa damu watatoweka. Maelfu ya wanyama waliuawa. Taarifa ya jaribio hilo, iliyoandikwa na W. H. Potts na C. H. N. Jackson, ilitolewa mwaka 1952, nayo ilionyesha kwamba mbung'o walipungua sana. Kwa kipimo cha bunduki, jaribio lilifaulu.

Lakini baadaye wanasayansi waliuliza swali jingine: mbung'o anakula damu ya nani hasa? Walipoichunguza damu iliyomo tumboni mwake, walikuta kwamba humtegemea mno ngiri, tandala, pongo na wengine wachache, na kwamba punda milia na swala pala, waliouawa kwa wingi katika kampeni za namna hiyo, hawamlishi ila kidogo sana. Risasi nyingi zilikuwa zimepotea bure. Leo mbung'o hupigwa vita kwa mitego na vitambaa vyenye dawa, na katika kisiwa cha Unguja alitokomezwa katika miaka ya 1990 kwa kuachilia madume waliofanywa tasa. Mafanikio hayo hayakuhitaji kufyatua risasi hata moja. Yalihitaji swali zuri.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba marisawa ya madini ya risasi hayana badala. Hoja hiyo ina ukweli wa kiasi fulani, na haifai kudharauliwa. Badala inayotumika zaidi ni chuma laini, ambacho sentimita yake ya ujazo ina gramu 7.9 tu. Chembe ya milimita 2.8 itakuwa na gramu 0.09 badala ya 0.13, na kwa kanuni iliyokwisha elezwa itachoka mapema zaidi. Mwindaji analazimika kutumia chembe kubwa zaidi na kumkaribia ndege. Tena chuma ni kigumu. Mitutu ya bunduki kuukuu, na bunduki za vijijini aghalabu ni kuukuu, haikutengenezwa kwa ajili yake. Bismuthi hufaa zaidi kwa bunduki hizo, lakini bei yake ni kubwa.

Pamoja na hayo, nchi nyingine zimekwisha kulifanya. Marekani ilipiga marufuku marisawa ya risasi katika uwindaji wa ndege wa majini nchini kote mwaka 1991. Denmark iliyaondoa kabisa mwaka 1996. Na Umoja wa Ulaya umeyazuia katika maeneo ya ardhi oevu tangu Februari 2023. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofanywa mwaka 1995, ulizitaka nchi wanachama zijitahidi kuacha marisawa hayo katika ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Tanzania ni mwanachama, nayo ina ardhi oevu kubwa ya Malagarasi na Muyovosi magharibi mwa nchi. Wakati wa kulitekeleza jambo hilo umepita zamani.

Asiyeamini kwamba mazoea ya namna hii yanaweza kuachwa na akumbuke petroli. Kwa miongo mingi ilitiwa risasi, na ikasemwa kwamba injini haziwezi kwenda bila hiyo. Kufikia mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaiacha mwaka 2021. Magari yanakwenda.

Kuhusu hofu ya walimu, jibu ni kwamba kufundisha namna kitu kinavyofanya kazi si kukitengeneza. Hakuna haja ya kuleta risasi darasani, na ni marufuku kufanya hivyo: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu asiye na leseni kuwa nazo. Kila kilichoelezwa hapa kinaweza kuonyeshwa kwa vitu vya kawaida. Teke la bunduki huonekana kwa puto lililofungwa juu ya kigari cha boksi. Mapambano ya chembe na hewa huonekana kwa kudondosha punje ya mtama na pumba yake kutoka dirishani. Mvutano wa uso huonekana kwa kopo lililotobolewa na maji ya kisimani. Hesabu ya namba kumi na mbili inahitaji kalamu tu.

Yanayopasa kufanywa

Yafaa kila shule ya sekondari katika mikoa yenye uwindaji na uchimbaji itenge walau vipindi viwili kwa mwaka: kimoja katika somo la fizikia kwa ajili ya mwendo na nguvu za risasi, na kimoja katika kemia au biolojia kwa ajili ya sumu ya madini yake. Yafaa pia mwanafunzi ajifunze kanuni chache na kuzikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha. Asikiguse kitu asichokitambua. Akiache kilipo, akumbuke mahali, amwarifu mwalimu, mwenyekiti wa kijiji au polisi. Asiipige, asiipasue wala asiitupe motoni risasi yoyote. Asilitie ganda mdomoni. Asiyeyushe betri wala kizito cha nyavu nyumbani, na akimwona mtu mzima anafanya hivyo, amweleze kwa heshima sababu za kuacha. Kichwa, shingo na firigisi ya ndege aliyepigwa kwa marisawa visipewe watoto, na nyama iliyozunguka jeraha ikatwe na kutupwa.

Kwa upande wa serikali, pafaa ianze kuandaa utaratibu wa kuacha marisawa ya madini ya risasi, kwanza katika ardhi oevu na mashamba ya mpunga, na kuwapa wenye bunduki kuukuu muda wa kutosha wa kubadili.

Mtoto wa Samuye ataendelea kuokota maganda, na atauliza tena mlikuwa na nini ndani. Mwalimu aliyesoma vizuri anaweza kumjibu, kisha akampa kalamu ili akokotoe mwenyewe, na akamwambia akanawe mikono.